Mwanamke wa Vipande Kumi na Tisa

Duka langu la stesheneri liko Buseresere, kwenye barabara iendayo Biharamulo, na nyuma ya mashine ya fotokopi kuna kona niliyompa Zipora. Nasema nimempa, ingawa yeye anasema amepanga. Tumebishana juu ya neno hilo miaka minne sasa, na sina haraka ya kushinda.

Zipora Nkwabi ni Msukuma wa Didia, kule Shinyanga. Ni mrefu, mkimya, na vidole vyake vina gundi siku zote. Mimi ni Mektilda, Msumbwa wa Ushirombo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mkimya. Kazi ya Zipora ni kukata stika. Bajaji yoyote ya hapa iliyoandikwa MAMA ASANTE kwa herufi zilizokaa sawa imetoka kwenye kona yangu. Zikiwa zimepinda, imetoka kwa mshindani wake wa stendi, na hilo nawaambia hata wateja ambao hawajaniuliza.

Alisoma mpaka kidato cha nne, na hesabu alipata F. Nalitaja kwa sababu linanifurahisha: mtu wa F ya hesabu leo anakula kwa nukta na mistari. Picha ya simu, alinieleza siku moja, ni vidoti vya rangi vilivyobanana. Ukiikuza sana vidoti vinajitokeza na sura ya mtu inaharibika. Mchoro wa stika haubebi vidoti. Faili lake linabeba maelezo tu: anzia nukta hii, pinda hivi, ishia pale, jaza nyekundu. Ukiukuza ukatosha ukuta mzima, kompyuta inayasoma upya maelezo yaleyale, na ukingo unabaki safi. Nilimwambia nimeelewa, maana kulikuwa na mwalimu anasubiri fotokopi za mitihani.

Wakata stika wana tabia yao moja. Mtu akishachora, huyachukua maumbo yote yaliyopandana na kuyafanya umbo moja. Zipora huita kuchomelea, kama wanavyosema mafundi wa mageti. Usipochomelea, kisu cha mashine kitafuata hata mstari uliojificha, kitapita katikati ya kifua cha mtu, na stika itatoka vipandevipande. Basi kwa miaka minne Zipora alichomelea kila kitu bila kufikiri, akahifadhi juu ya faili lilelile, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imejaa na haikutaka kutunza nakala mbili za kitu chochote.

Sasa nimtaje Vumilia, maana bila yeye sina cha kusimulia.

Vumilia ni mdogo wake Zipora, kitinda mimba. Ameolewa na Luka, mchimbaji, na wanaishi machimboni, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka dukani kwangu. Luka anashuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga wake ukaoshwa, anayemalizia ni Vumilia. Anauchanganya ule mchanga mzito na zebaki, anaukamua kwenye kitambaa, na mkononi anabaki na kidonge cheupe kinacholingana na punje ya mahindi. Kidonge hicho anakiweka kwenye bati juu ya jiko la mkaa. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Yote haya anayafanya jikoni kwake, mlango umefungwa, ili majirani wasijue amepata nini.

Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Iliyotangulia iliharibika, na hakuna aliyejua kwa nini. Nesi wa kliniki alimwambia kwamba mvuke wa zebaki unaingia kwa mama na kutoka kwa mama unaingia kwa mtoto. Zipora alimwambia. Hata mimi, ambaye si ndugu, nilimwambia siku tulipomtembelea, tena kwa sauti ambayo Luka aliisikia akiwa nje anachonga mpini.

"Moshi gani, Mama Raphael?" Vumilia alinijibu bila kukasirika. "Moshi wa kuni nauona, unanitoa machozi. Huu mnaousema nyinyi siuoni. Hata halufu hauna."

Na ni kweli hauonekani. Hapo ndipo penye ubaya wake. Tulirudi kwa pikipiki, Zipora analia kimyakimya katikati, mimi nyuma nimefura kwa hasira, na dereva akajifanya hasikii lolote. Siku ile nilijua kwamba huyu dada anataka kitu kimoja tu duniani: mdogo wake aache kuchoma zebaki ndani ya nyumba kabla mtoto hajazaliwa. Maneno alikuwa ameyamaliza.

Wiki hiyohiyo akaja dukani Serafina, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wachenjuaji, yaani wasafishaji wa dhahabu, wa kule machimboni. Alitaka stika ya mlango wa kibanda chao. Kikundi kilikuwa kimepata kifaa cha kuchomea, chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambacho huukamata ule mvuke na kuirudisha zebaki kwenye chupa badala ya kuiacha iende puani kwa watu. Kifaa kizuri. Wanachama walikuwa wanakipita kama jiwe la njiani.

"Nimewasomea kipeperushi," Serafina alisema. "Nusu yao hawajui kusoma. Nusu iliyobaki wanajua, ila hawasomi vipeperushi. Wangekiona kwa macho, labda. Wanapenda katuni za watoto kwenye simu, unajua?"

"Naweza kutengeneza katuni," Zipora akasema.

Niliacha kubana karatasi. Mwanamke huyu hakuwahi kuchezesha hata kidole cha mchoro. Nilimkazia macho, naye akaangalia pembeni.

"Unaweza kweli?" Serafina akauliza.

"Kuchora najua. Iko programu inayoichukua michoro ikaichezesha. Nipe wiki mbili."

Serafina alipoondoka nilimshambulia. Nilimuuliza kama anataka kutuaibisha wote wawili, yeye na duka. Akaniacha nimalize, na nilichukua muda kumaliza, kisha akasema, "Vumilia hasikii, Mama Raphael. Labda ataona." Nikarudi kubana karatasi zangu.

Akachora. Alichora jiko la mkaa, bati, mlango uliofungwa, na mwanamke amechuchumaa. Mwanamke huyo alikuwa Vumilia. Hakuniambia, lakini kitenge kile cha tausi na mwanya ule wa meno ya mbele havikuwa vya mtu mwingine yeyote ninayemfahamu. Mgongoni alimchora mtoto aliyebebwa kwa kanga, kichwa kimelalia upande mmoja, mdomo wazi kidogo.

"Huyu naye?" nikamuuliza.

"Nataka kumwona," alisema, na akainama kwenye kazi yake.

Siku ya tatu akalifungua faili lake kwenye ile programu ya kuchezesha, akaniita nije nishuhudie mkono ukiinuka. Akaubonyeza mkono, akauvuta. Akainuka mwanamke mzima. Jiko limemng'ang'ania magotini, bati usoni, mtoto mgongoni, wote wakazunguka hewani pamoja kama mlango uliong'oka bawaba. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Mteja wa picha za paspoti naye akacheka, ingawa hakujua ni nini.

Zipora hakucheka. "Nimemchomelea," alisema polepole. "Yesu wangu, nimemchomelea."

Mkono wake ulikuwa umeyafanya yale unayofanya kila siku. Alipomaliza kuchora, akayachukua maumbo yote, akayayeyusha kuwa umbo moja, akahifadhi juu ya faili lilelile. Kisu cha stika kingemshukuru. Lakini programu ya kuchezesha inataka kinyume chake: kila kiungo kikae peke yake kwenye tabaka lake, ili mkono uweze kwenda bila kiwiliwili, na kichwa kigeuke bila mabega. Nakala ya zamani haikuwepo. Siku tatu za kazi zilikuwa zimegandamana, na hakuna namna ya kuzibandua. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Akaanza upya. Safari hii alimchora mwanamke kwa vipande, na kila kipande akakipa jina lake kwa Kiswahili safi: mkono wa juu kulia, kiganja kushoto, kope. Vilifika kumi na tisa. Kilichomtesa zaidi ni mabega. Ukiukata mkono pale pale unapoonekana kuishia, ukiuinua unaacha pengo jeupe kwapani. Lazima uchore bega la mviringo linaloingia chini ya blauzi, mahali ambapo hakuna mtu atakayeliona kamwe. Miaka minne alikuwa analipwa kwa kile kinachoonekana, na sasa alipaswa kuchora kwa uangalifu kile kilichofichwa. Alilalamika siku nzima, na kwa Zipora siku nzima ya malalamiko ni sentensi tatu.

Mimi nikageuzwa kuwa kielelezo. Nilichuchumaa katikati ya duka langu mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nakamua kitambaa kitupu, huku Zipora akinitazama bega. "Rudia, Mama Raphael. Polepole." Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo akaingia kununua bahasha, akanikuta nimeshikilia mfuniko wa ndoo kama bati la zebaki. Alinunua bahasha zake na akaondoka bila kuuliza, na mpaka leo hajauliza.

Kisha likabaki tatizo lile lile la Vumilia: utamchoraje mtu kitu asichokiona? Serafina alipita kuangalia kazi, akashauri moshi mweusi, mzito.

"Hapana," Zipora alikataa. "Nikiuchora mweusi, atasema wa kwake si mweusi. Na atakuwa anasema kweli."

Akachora mstari mmoja tu. Mwembamba, wa rangi ya zebaki yenyewe, ile ya fedha inayoteleza. Iko amri kwenye programu inayoufanya mstari usitokee wote kwa mara moja, bali ukue kutoka mwanzo wake, kama unaandikwa na mtu. Mstari ulianzia kwenye bati, ukapanda taratibu, ukaingia puani kwa mama. Wa pili ukapita juu ya bega, ukapinda, ukamfikia mtoto mgongoni. Pale penye kupinda alikaa muda mrefu kuliko penginepo pote, akisogeza nukta kidogo huku na kidogo kule, mpaka mstari ukawa na utulivu fulani ambao mimi ulinitia baridi. Haukuwa na haraka. Ulijua unakokwenda.

Jumamosi asubuhi tulikwenda machimboni. Makoye, mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, alitupa ukumbi wake na projekta yake kwa sababu hakukuwa na mechi. Tukatundika shuka nyeupe ukutani, tukaziba madirisha na mlango kwa maturubai. Wanawake walifika kama arobaini hivi, wengine wakiwa bado na matope ya mwaloni miguuni, kule wanakooshea mchanga. Vumilia alifika pia, akaniamkia, akakaa mwisho wa benchi la mbele na kuuegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa pembeni kwa uchovu wa mimba. Nilifurahi kumwona. Nikambonyeza Zipora ubavuni.

Picha ikatokea ukutani, kubwa kuliko watu. Hapo ndipo nilipoelewa kile alichonieleza zamani kuhusu vidoti na mistari. Yule mwanamke tuliyemwona dukani akiwa mdogo kama kiganja sasa alikuwa na kichwa kikubwa kama mlango, na bado ukingo wa shavu lake ulikuwa safi, tausi wa kitenge wana kila unyoya. Alichuchumaa. Akakamua kitambaa, na bega likageuka vizuri bila pengo. Nilitaka kupiga kelele kwamba hilo bega ni langu.

Serafina alikuwa amesimama kando, anaeleza kwa Kisukuma. Wanawake wakaanza kucheka, si kwa ubaya. "Vumilia uyo!" mmoja akasema, na Vumilia mwenyewe akacheka akaficha mwanya wake kwa mkono. Kidonge kikawekwa kwenye bati. Mstari ukaanza.

Kicheko kikafa chenyewe. Mstari ukapanda, ukaingia kwa mama, na mama akaendelea na kazi yake bila kujua. Wa pili ukapita juu ya bega. Bibi mmoja nyuma yangu akasema "Yaya!", yaani hapana, kama anayemzuia mtoto asiguse moto. Ukapinda. Ukamfikia mtoto.

Vumilia akasimama.

"Dada," alisema, na ukumbi mzima ulisikia. "Hajazaliwa. Hajazaliwa bado, wewe umemchola ukutani? Halafu umemtia sumu puani?"

Akatoka nje, mkono tumboni, turubai la mlango likamfunika mgongo.

Nitasema ukweli wangu hapa. Kwetu, nguo ya mtoto hainunuliwi kabla hajalia hapa duniani. Jina halitamkwi. Hata ukimwona mwenye mimba, humuulizi ni lini. Zipora anajua hivyo, mimi najua hivyo, na kule nyuma ya fotokopi hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Yeye alikuwa na hamu ya kumwona mtoto, mimi nilikuwa na shughuli ya kuwa bega. Tena ni mtoto wa mwanamke aliyekwisha kupoteza mmoja. Niliona aibu kubwa, na nikaikasirikia shuka, projekta, na Makoye aliyeniuliza kama tumemaliza.

Wanawake wengine walimzunguka Serafina. Walitaka kujua chungu kinafungwaje, nani anashika ufunguo wa kibanda, na kinafunguliwa siku gani. Kumi na watatu walitoa majina palepale. Serafina alikuja kutushukuru kwa Kisukuma, uso unang'aa.

"Wabeja, Zipora, wabeja sana. Umeona walivyonyamaza?"

Zipora alikuwa anakunja waya. "Niliitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja," alisema, "na huyo ndiye aliyeondoka."

Siku zilizofuata alimpigia simu Vumilia, haikupokewa. Akampigia Luka. Luka akasema mkewe hajambo, anaendelea na kazi zake kama kawaida. Zipora akaiweka simu mezani, na hatukuhitaji kuelezana kazi gani. Alirudi kwenye stika. Alikata herufi za lori zima, na nilipomwambia ni kazi nzuri akanijibu kwamba ni herufi tu. Nilimwonea huruma mpaka nikamwambia mwezi huu asilipe kodi ya kona, nikiiita kodi kwa mara ya kwanza. Hata hilo hakuliona.

Alhamisi, saa nne asubuhi, pikipiki ikasimama nje. Akashuka Vumilia.

"Shikamoo, Mama Raphael."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa, wala hakumsalimia dada yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya mashine ya fotokopi, akasimama hapo na tumbo lake.

"Nimekuja umfute."

Zipora hakujitetea. Akafungua faili. Mwanamke wa vipande kumi na tisa akatokea kwenye kioo, jikoni kwake, na mtoto mgongoni. Zipora akakibonyeza kipande cha mtoto, na mstari wa buluu ukamzunguka peke yake. Kisha akavuta mkono wake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikosea, na sikukosea kwa kutokujua, ndiyo maana inaniuma. Nilitamani kumwona, basi." Akamsogezea kibodi. "Lakini kumfuta mimi siwezi. Kitufe ni hiki hapa. Kibonyeze wewe."

Vumilia akaweka kidole juu ya kitufe cha kufutia.

Nilikuwa na mteja. Nilimwambia duka limefungwa, ingawa alikuwa amesimama ndani yake na fotokopi zake mkononi. Vumilia alimtazama yule mtoto mwenye mdomo wazi. Kidole kilikaa pale. Nilimwona akivuta pumzi kama anayetaka kuruka mfereji, akaitoa, akavuta nyingine. Nilifahamu kilichomshika. Kumchora kabla ya siku zake ni vibaya, lakini ni mama gani atakayemfuta kwa mkono wake mwenyewe?

Akaondoa kidole. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa amekasirika kwamba yanamtoka.

"Basi asifutwe," alisema. "Abaki. Ila mtoe pale. Mtoe kwenye ule moshi."

"Yeye haendi peke yake," Zipora akasema.

"Haendi kwa nini? Si umesema ni vipande?"

"Ni vipande. Lakini programu hii inaniuliza kila kipande mzazi wake ni nani. Kiganja mzazi wake ni mkono, mkono mzazi wake ni kiwiliwili. Huyu nilipoulizwa," na hapo akamgusa yule mtoto kwenye kioo, "nilijaza kwamba mzazi wake ni wewe. Nimemfunga kwako. Sogeza mama."

Akamkalisha kwenye kiti chake, akamwekea mausi kiganjani. Mkono wa Vumilia una makovu madogo ya moto na ulikuwa haujawahi kushika kitu kile. Mshale ukapotea, ukarudi. Akambonyeza yule mwanamke, akavuta. Mwanamke akaacha jiko. Mikono ikamfuata, kichwa kikamfuata, na mgongoni kwake mtoto akaja vilevile, kichwa kimelalia upande, bila kuguswa na mtu. Vumilia akashtuka, akaachia. Akavuta tena, kidogo, kuhakikisha. Wakasogea wote wawili. Akavuta mpaka wakatoka nje ya ule mlango uliofungwa, kwenye uwanja mweupe ambako Zipora hakuwa amechora chochote.

"Sasa icheze," akasema.

Zipora akaichezesha. Kidonge kikachomwa kwenye bati, na mstari wa fedha ukaanza kukua. Ukapanda mpaka pale pua ilipokuwa, haukukuta mtu. Wa pili ukapita mahali pa bega, ukapinda kwa ule utulivu wake, ukaishia hewani, mbali na mtoto.

Vumilia aliutazama mpaka mwisho, akataka uchezwe mara ya pili, halafu ya tatu. Mteja wangu naye aliutazama, wala hakuwa ameondoka.

"Dada," Vumilia akasema hatimaye, macho bado kwenye kioo. "Kile chungu cha kina Serafina. Wanakifungua siku gani?"

Zipora alikuwa amemshika mdogo wake mabegani kwa mikono miwili.

"Jumanne na Ijumaa," nikajibu mimi. "Kesho ni Ijumaa."

"Basi kesho nitakwenda," alisema Vumilia, na akashika tena mausi, akawasogeza mama na mtoto mbali zaidi kidogo.